Kati ya Amepoa na Amepona

Vijana wenzangu mnaofanya kazi kwenye vyumba vya meno, na ninyi mtakaokuja kuifanya,

Naanza kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu umelala upande kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe, na herufi nyingine nazisahau. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole. Ukurasa mmoja unaweza kunimalizia mchana mzima. Mkikuta neno limekosewa, nawaomba msilisahihishe upesi. Lisomeni mara mbili, mjiulize nilitaka kusema nini. Siombi hivi kwa kujitetea. Kuna mtu alikaribia kufa, na kazi yake aliyoipenda ikafa kabisa, kwa sababu ya herufi moja iliyosahihishwa.

Naitwa Yohana. Hapa Benaco wananiita Mstaafu. Nina miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo jina hilo ni la kunicheka. Nikipita kijiweni vijana wa bodaboda wanapiga kelele, "Shikamoo Mstaafu!" na mimi najibu marahaba kwa sababu sijui jibu jingine la kutoa. Tangu utoto mimi ni mtu wa haya. Nikiwa na watu zaidi ya wawili ulimi wangu unakuwa mzito. Mama alikuwa anasema nikitumwa chumvi dukani, nitasubiri mpaka mwenye duka aniulize, na asiponiuliza nitarudi bila chumvi.

Nilifanya kazi miaka tisa kwenye chumba cha meno cha zahanati moja ya binafsi, kando ya barabara ya malori yanayokwenda mpakani. Nilikuwa mhudumu. Nilifagia, nilichemsha koleo na sindano za kuchokolea, nilishika tochi, nilibeba ndoo ya kutemea. Aliyenipokea alikuwa mhudumu mwenzangu wa siku nyingi, Bi Zuhura, mtu wa Biharamulo mjini, ambako babu zake walifika na biashara ya nguo kutoka pwani. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Cha kwangu kilikuwa cha kuokota shuleni na sokoni, kama cha sisi Wahangaza wengi.

Siku ya kwanza alinikuta namwambia mgonjwa, "Mama, ukifika nyumbani rara kidogo."

"Arare?" akadakia Bi Zuhura toka kwenye sinki. "Arare kama bisi za Wahindi? Mwambie alale, mwanangu. Akirara huyu tutamla na chai."

Mama yule alicheka akiwa na pamba mdomoni, damu ikamtoka, na mimi nikatamani kuingia ndani ya ndoo. Lakini Bi Zuhura hakunisema tena kwa wiki nzima. Alikuwa anacheka mara moja, halafu anakufundisha.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kunusa. Alisema mdomo wenye kidonda kizuri unanuka damu, kama chuma kilicholowa. Mdomo wenye usaha unanuka kingine kabisa, na ukishakijua hukisahau. Ni harufu ya maji ya maua yaliyosahauliwa kanisani. Alinishika shingo akanisogeza kwenye mdomo wa mgonjwa mmoja, dereva wa lori, mtu mkubwa kunizidi mara mbili.

"Nusa."

"Naona haya, Bi Zuhura."

"Haya zako zitamsaidia nini? Nusa!"

Dereva akasema, "Wewe kijana, unataka kunibusu?"

Nikanusa. Ilikuwa harufu ya maji ya maua. Dereva yule alikuwa amekaa na pamba ileile siku nne, kutoka hapa mpaka Kigali na kurudi. Dokta Lauriani, daktari wetu wa meno, alipomng'oa alimwambia aiume pamba barabara, asiiachie. Hakumwambia aitoe lini. "Nimeiuma," akasema dereva kwa fahari. "Hata kula nimekula upande mmoja." Pamba ilipotoka ilikuwa ya rangi ya majani yaliyooza. Tokea siku hiyo mimi sikumruhusu mgonjwa atoke mlangoni kabla hajanirudishia maneno: pamba niume nusu saa, ikilowa sana niweke nyingine, halafu niitupe. Nilimtaka aseme kwa mdomo wake. Kutikisa kichwa sikukukubali, maana watu wetu wanatikisa kichwa kwa heshima hata kama hawajasikia neno.

Na mimi nilikosea. Mwanzoni niliwaambia watu wasukutue maji ya chumvi wakifika nyumbani. Maji ya chumvi ni mazuri, lakini kuanzia kesho yake. Siku ile ile hapana, wala kutema mate kwa nguvu, wala kunyonya soda kwa mrija, kwa sababu pale pengoni damu inaganda na kuwa kama kifuniko, na kidonda kinapona chini ya kifuniko hicho. Ukikisukutua kinatoka. Mama mmoja wa Kasulo alinitii vizuri kuliko wote. Alisukutua mchana kutwa. Siku ya tatu alirudi ameshika shavu, analia kama mtoto, na pengo lake lilikuwa tupu, mfupa unaonekana mweupe ndani. Dokta alimsafisha, akamwekea dawa pengoni. Nilikaa nyuma ya mlango. Bi Zuhura alinijia na kikombe cha chai.

"Mdomo unaouma ni wako au wake?"

"Wake."

"Basi usilie wewe. Wewe jifunze."

Mzee Masalu alikuja akitokea Nyamigogo, akibadilisha magari mawili. Alikuwa Msukuma mwenye ng'ombe, mrefu, na kila alipokaa benchi lote lilielekea kwake. Alikuwa amejaza ugoro kwenye pengo lake ili, kwa maneno yake, "lisipige kelele". Bi Zuhura alimuuliza maumivu yalianza lini.

"Siku ya kwanza yaliuma. Ya pili yalipungua. Ya tatu ndiyo yakarudi na ndugu zake."

"Umesikia?" Bi Zuhura akanigeukia. "Haya ndiyo maneno ya kuandika. Maumivu ya kung'oa yanapungua kila siku. Yakipungua halafu yakarudi siku ya tatu au ya nne, kuna kitu."

Halafu akamwambia Mzee Masalu atie vidole vyake vitatu mdomoni, vimesimama, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele.

"Vya nani?"

"Vyako, baba. Kila mtu mdomo wake umepimwa kwa vidole vyake."

Vidole vya Mzee Masalu vilikuwa vinene kama mihogo, lakini viliingia vyote vitatu. Bi Zuhura akasema taya ni zima, ubaya uko pengoni tu. Mtu ambaye jana vidole vitatu viliingia, na leo vinaingia viwili, kisha kimoja, huyo taya lake linajifunga, usaha unatafuta njia ya kwenda chini. Hapo pia ndipo alipomgusa mzee chini ya kidevu. Alinishika mkono nami niguse. Palikuwa laini. "Pakiwa pagumu kama ubao," akasema, "na sauti ikawa nzito kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, na mate yakawa hayamezeki anayafuta na leso, usimwache akae hata kwenye benchi. Huyo si wa hapa tena. Huyo ni wa hospitali, leo leo, kwa gari la kwanza. Kule chini ya ulimi kukivimba kunaziba njia ya hewa."

Nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyasema. Yasomeni tena. Mimi nilikuwa nayajua yote. Nilikuwa nayajua siku ile pia.

Somo lake la mwisho lilikuwa la Kiswahili. Wagonjwa wa huku mtu akiwauliza jino linaendeleaje, wengi wanajibu, "Limepoa." Kwenye kadi zao nilikuwa naandika amepona. Bi Zuhura akanikamata.

"Kasema nini?"

"Limepoa."

"Umeandika nini?"

"Amepona. Si ni kitu kimoja?"

"Uji unapoa, Yohana. Chai inapoa. Maumivu yanapoa, hata jipu la fizi likipasuka lenyewe linapoa siku ile ile, mtu anakwambia namshukuru Mungu, na usaha uko palepale unakula mfupa. Jino likifa linapoa. Vidonge vya dukani vinapoza. Kupona ni fizi kujifunga. Sasa wewe andika alichosema, usiandike ulichoelewa."

Baadaye Bi Zuhura alistaafu kweli, si kama mimi, akarudi kwao Biharamulo. Na mambo mawili yakabadilika kwenye chumba chetu. Kwanza zilikuja barakoa. Sisemi ni mbaya, zinatukinga, lakini pua yangu niliyofundishwa kwa kushikwa shingo ikafungiwa ndani ya kitambaa. Pili, benchi lilijaa. Watu walikuja toka Rulenge, toka Nyakahura, na Dokta Lauriani alikuwa peke yake. Alikuwa na mkono mwepesi sana, mtu alikuwa anauliza utang'oa saa ngapi wakati jino liko kwenye sahani. Lakini aliona wanaorudi wanamchelewesha. Akanunua daftari kubwa, akaliweka juu ya meza ndogo mlangoni.

"Wanaorudi wasiingie tena," akaniambia. "Waulize hapa. Aliyepona andika amepona, aende zake. Mwenye shida andika aingie."

"Je, niwafungue mdomo, Dokta?"

"Mlangoni? Mbele ya benchi zima? Uliza tu, Yohana. Watu wazima wanajua miili yao."

Hapo nilipaswa kusema. Nilikuwa na maneno yote ya Bi Zuhura kichwani yamepangana. Ulimi ukawa mzito. Nikasema, "Sawa, Dokta," nikaenda kukaa kwenye meza ndogo.

Sasa nimefika pale ambapo kalamu inakataa. Jana niliiacha hapa, nikaenda kukata majani ya migomba.

Mwalimu Anatolia alinifundisha kusoma na kuandika, kule Nyamiaga. Alinifundisha darasa la kwanza, na akanikuta tena darasa la tano kwenye Kiswahili. Alikuwa na kalamu nyekundu aliyoichomeka kwenye nywele, juu ya sikio, hata akiwa kanisani. Daftari langu lilirudi kila siku likiwa jekundu kama shamba la kahawa lililoiva. "Yohana, herufi umezipeleka wapi? Umezila?" Darasa lilicheka. Hakuwa na ubaya, alikuwa anataka tuandike. Lakini mpaka leo nikiona kalamu nyekundu naficha nilichoandika.

Alikuja kung'olewa gego la chini, la mwisho kabisa, Jumatatu. Dokta alimng'oa vizuri. Nilimpa maelezo yote na yeye akanirudishia kama anasomesha, mpaka benchi likacheka. Siku ya sita akarudi kama alivyoelekezwa. Ilikuwa asubuhi ya baridi, na alikuwa amejifunga mtandio wa sufu toka kichwani mpaka chini ya kidevu. Watu wa Nyamiaga asubuhi wanajifunga hivyo, sikushangaa.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba Yohana. Fanya haraka, gari la kurudi linangoja. Darasa la saba wana mtihani na hawajui hata kiunganishi ni nini."

Sauti yake ilikuwa nzito. Nikadhani ni mtandio. Alikuwa na leso mkononi, anajifuta pembe ya mdomo. Nikadhani ni baridi.

"Jino linaendeleaje, Mwalimu?"

"Limepoa. Juzi na jana liliuma sana, usiku sikulala, nikatumia vidonge vya dukani. Leo limepoa kabisa."

Vijana, mmesikia? Siku ya nne na ya tano yaliuma sana, yakarudi na ndugu zake, kama kwa Mzee Masalu. Mimi nilisikia. Mkono wangu ulianza kwenda kwenye sanduku la tochi. Nikajiona namwambia Mwalimu Anatolia avue mtandio mbele ya watu, afungue mdomo, atie vidole vitatu kama mtoto, na mimi, Yohana anayekula herufi, nivute barakoa yangu chini ninuse pumzi yake. Mkono ukarudi mezani.

Nikaandika. Nilikuwa nimeamua moyoni nisiandike amepona. Nilitaka kuandika alichosema, kama nilivyofundishwa, nimwonyeshe Dokta baadaye, labda yeye atauliza. Lakini mkono umezoea safu ile kuanza na *ame*, kwa hiyo nikaandika *amepoa*.

Mwalimu alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, anasoma daftari kichwa chini miguu juu. Walimu wanaweza.

"Amepoa?" akasema. Benchi lote likageuka. "Yohana! Mtu anapoa? Mimi ni uji?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Yohana, mletee Mwalimu sukari, tumnywe."

"Miaka yote ile, bado unakula herufi. Mtu anapona. Iko wapi n?"

Akachomoa kalamu nyekundu toka chini ya mtandio, juu ya sikio, kwa mkono ule ule wenye leso, akageuza daftari, akachora kialama kidogo kati ya o na a, na juu yake akaandika n. Nzuri, ya mviringo, kama ile ya ubaoni.

"Haya. Amepona."

Ningeweza kusema neno moja tu. Ningeweza kusema, Mwalimu, nilikusudia hivyo hivyo nilivyoandika. Nilisema, "Asante, Mwalimu." Akafuta mdomo na leso, akaenda kulipanda gari lake.

Siku mbili baadaye mdogo wake alipiga simu zahanati. Walikuwa wamempeleka hospitali tangu jana yake, amekaa wima kitandani kwa sababu akilala hewa haipiti. Shingo ilikuwa imevimba kuanzia sikio hadi sikio. Walimpasua chini ya kidevu kumtoa usaha. Hakufa. Wiki nyingi alilishwa uji kwa sindano kubwa isiyo na ncha, pembeni ya mdomo.

Dokta Lauriani aliniita, akafunga mlango. Daftari lilikuwa mbele yake.

"Nani aliandika hapa amepona?"

"Mimi, Dokta."

Alisogeza daftari karibu na dirisha. "Na hii n nyekundu?"

"Niliisahau. Nikairudishia."

Akanitazama. Nadhani alijua kalamu nyekundu hatuna. Lakini lile neno lilimfaa kama lilivyo, maana kosa lilibaki la mkono wangu, si la meza yake. Akalifunga daftari akasema, "Basi ni mwandiko wako," na mimi nikasema ndiyo. Hakunifukuza. Alisema watu wote wanakosea, niendelee na kazi, na kesho yake meza ndogo ilikuwa palepale mlangoni, na kalamu juu yake. Wenzangu walianza kusema kwa sauti ya chini nikipita. Nesi mmoja alimwambia mgonjwa, mimi nasikia, "Mwonyeshe mwingine huyo mdomo, usimwonyeshe Yohana." Mwisho wa mwezi nilichana ukurasa ule, nikaukunja, nikaondoka. Najua kuchana daftari la zahanati ni kosa. Ni kosa pekee nililofanya pale bila kuona haya.

Nilimchukia Dokta muda mrefu. Nilimchukia kwa meza ile. Bado sijamaliza kumchukia, sitawadanganya. Lakini yeye hakuwapo mlangoni, na sauti nzito hakuisikia. Niliisikia mimi.

Ilipita miezi mingi kabla sijaenda Nyamiaga. Mwalimu Anatolia alikuwa ameacha shule. Kovu lilipita chini ya kidevu chake kama mfuko ulioshonwa kwa haraka. Mdomo wake unafunguka kidole kimoja, na maneno yanatoka yamebanwa. Herufi kama m na p anaziweza, nyingine zinakwama. Darasa la saba walijaribu kumvumilia, akaona wenyewe kwa wenyewe wanamwigiza, akachukua mkoba wake akarudi nyumbani. Tulikaa nje, anachambua maharage. Kalamu haikuwapo kwenye nywele.

"Wewe ulikuwa unajua," akasema. Nilisikia vizuri, ingawa lilitoka polepole.

"Nilikuwa najua, Mwalimu."

"Kwa nini hukuniambia nifungue mdomo?"

"Niliona haya."

Alichambua maharage kitambo, akitupa mabovu kwa kuku. "Mimi sikukufundisha haya."

Mnaweza kufikiri ningemjibu: ulinifundisha, Mwalimu, kila siku kwa rangi nyekundu. Sikusema, na siyo haya zilizonizuia safari hii.

Halafu akaniambia kwamba watu wamemweleza nimeacha kazi kwa sababu niliandika kosa. Akataka kujua niliandika nini. Alikuwa hakumbuki. Homa ilimla siku ile yote, hakumbuki benchi, wala kicheko, wala kalamu; kwamba alipita kwangu mlangoni aliambiwa na watu. Ukurasa ulikuwa kwenye mfuko wa shati langu. Ningeweza kuuacha humo. Nilifikiri kumdanganya kama nilivyomdanganya Dokta. Lakini nimeshaona kinachotokea nikinyamaza mbele ya mwanamke huyu.

Nikautoa. Akaunyoosha juu ya ungo, juu ya maharage, akausogeza mbali na macho kwa sababu miwani ilikuwa ndani. Aliipata n upesi. Mtu hukosa kuujua uso wake kwenye kioo kabla hajakosa kuujua mwandiko wake. Aliitazama. Akaweka kidole gumba juu yake, akaifunika, akasoma neno lililobaki. Akakiondoa kidole, akasoma tena. Akakirudisha.

"Ulikuwa umeandika sawa," akasema.

Miaka yote aliyonifundisha hakuwahi kuniambia hivyo.

Aliniambia niuache ukurasa pale kwake. Nikauacha. Nilitembea kwa miguu hadi barabarani na sikupanda gari lililosimama.

Nawaandikia sasa kwa sababu kijana aliyechukua nafasi yangu alinifuata kijiweni wiki iliyopita. Ni mpole, anaitika "naam" kwa kila kitu. Daftari limeondolewa, akasema kwa furaha. Sasa wamepewa kishikwambi, na mgonjwa hahitaji hata kurudi, wanampigia simu siku ya tano. Nikamuuliza wagonjwa wanajibuje.

"Wengi wanasema limepoa."

"Na wewe unabonyeza nini?"

"Kuna sehemu mbili tu, kaka. Amepona, na ana tatizo."

Vijana wa kijiweni walikuwa wanatusikiliza, na nilikuwa nimeshikwa na haya zangu kama kawaida, lakini nilisimama nikamwambia kwa sauti mpaka dereva wa bodaboda akazima pikipiki. Mwulize maumivu ya leo na ya jana yapi makubwa. Mwulize amemeza kidonge gani leo, maana kidonge kinasema uongo kwa niaba ya jino. Mwambie atie vidole vyake vitatu mdomoni sasa hivi, akiwa kwenye simu, akwambie vimeingia vingapi. Mwambie ashike chini ya kidevu, aseme ni laini au ubao. Mwulize anameza mate au anafuta. Waulize wa nyumbani kwake kama pumzi inanuka. Mwenyewe hajisikii, watu wa nyumbani watasema. Isikilize sauti kama unavyosikiliza injini. Ukiwa na shaka mwambie aje, na akiwa hamezi au hapumui vizuri asije kwako, aende hospitali saa hiyo hiyo. Na dawa za usaha alizopewa amalize zote, hata likipoa, asimgawie shemeji.

"Wakinikasirikia?" akauliza. "Wengine ni wakubwa. Juzi alikuwa padri."

"Na padri naye mfungue mdomo."

Wakacheka kijiwe kizima, na mmoja akasema Mstaafu leo amehubiri. Lakini kijana hakucheka. Aliniomba nimwandikie, asije akasahau. Ndiyo maana ya karatasi hizi.

Sasa na mimi nawaomba. Mkishazisoma, niandikieni. Mpelekeeni kijana huyo barua zenu, atanifikishia. Niambieni mlimkuta nani, alisema neno gani kwa lugha yake, Kisubi, Kisukuma, Kihaya au lolote, na ninyi mliandika nini. Nataka neno lenyewe, lilivyotoka mdomoni. Msijali mwandiko, na msimpe mtu awasahihishie kabla ya kunitumia. Mimi nitasoma polepole, na palipokosewa nitauliza.